Mlo wa Saa Nne: Mhadhara juu ya Ulaji wa Watoto wa Skuli za Msingi



Nimetakiwa niseme juu ya chakula na siha ya watoto wetu walio katika skuli za msingi, na kwa kuwa mtu akitaka kuyaeleza yote yahusuyo jambo hili hatomaliza kabla ya adhana ya magharibi, nimeona ni aula nishike saa moja tu katika siku ya mtoto, nayo ni saa nne ya asubuhi, kengele ya mapumziko inapolia na watoto wakamiminika kuelekea langoni. Muradi wangu ni kukuonyesheni kwamba mlo huo wa saa nne, ambao sisi hatuuhesabu kuwa ni mlo, na ambao aghalabu haupikwi majumbani mwetu, ndio unaoamua kwa sehemu kubwa kama mtoto atasoma au atakaa tu darasani. Na kwamba mpishi wake, yule mama wa beseni aketiye nje ya ukuta wa skuli, ana daraja katika malezi ya watoto wetu ambayo hadi leo hatujamtambulia.

Tuianze hesabu usiku. Katika nyumba nyingi za hapa Unguja, na sidhani kwamba za Pemba zina tofauti kubwa, chakula cha usiku huliwa baada ya sala ya isha, tuseme saa mbili. Mtoto hulala, huamshwa alfajiri, huoga, huvaa sare yake, hunywa kikombe cha chai ya rangi yenye sukari nyingi, pengine na kipande cha boflo na pengine bila ya kitu, kisha hutoka mbio kwa kuchelea kuchelewa. Tangu saa mbili ya usiku hata saa nne ya asubuhi ni muda wa saa 14, na katika muda wote huo kitu pekee kilichoingia tumboni mwa watoto wengi ni maji ya moto yaliyotiwa sukari na majani ya chai. Mtu mzima anaweza kustahimili hayo, kwa kuwa mwili wake ni mkubwa na akiba yake ni kubwa vilevile. Walakini ini la mtoto ni dogo, na sukari inayowekwa humo kuwa akiba ya usiku ni kidogo kwa kadiri hiyo, ilhali ubongo wake, ambao ungali ukijengeka, hutumia nguvu nyingi kuliko ubongo wa mtu mzima ukilinganishwa na uzito wa mwili. Ndiyo sababu mwalimu wa hesabu, aingiapo darasani saa tatu na nusu, hukuta vichwa vimeinamia madawati, na macho yanatazama ubao bila ya kuuona. Naye, kwa kuwa hakuulizia kilicholiwa asubuhi, humwita mtoto mvivu, na mtoto akishaitwa mvivu mara nyingi huliamini jina hilo.

Wale wa mkondo wa mchana wana mashaka ya namna nyingine. Hao huamka bila ya haraka, hunywa chai pamoja na wazee wao, wengine huenda chuoni kwanza kusoma Kurani, kisha huingia skuli wakati ambapo chungu cha mchana bado kiko jikoni, wakarudi jua likikaribia kuzama. Mama husema, "Chakula chako nimekifunika," na kweli kimefunikwa. Lakini mtoto amekwisha maliza masomo yake yote ya siku kabla ya kukifunua.

Jambo hili halikugunduliwa leo wala halikugunduliwa kwetu. Waingereza walipokuwa wakiandikisha askari wa vita vya Makaburu, vilivyokwisha mwaka 1902, walistaajabu kuona vijana wengi wa mijini wamedhoofu hata hawafai kushika bunduki, wakaulizana watoto wa nchi yao wanakula nini, na mwaka 1906 Bunge lao likapitisha sheria ya kuziruhusu halmashauri kuwalisha wanafunzi wenye haja. Mwaka uliofuata, katika mji wa viwanda wa Bradford, watoto 40 walipewa uji asubuhi na chakula cha mchana, wakawa wanapimwa uzito mara kwa mara. Uzito ukapanda skuli zilipokuwa wazi, ukashuka zilipofungwa kwa likizo, kisha ukapanda tena. Sijui hoja iliyo wazi zaidi ya hiyo. Hapakuwa na haja ya dawa, wala ya mashine, ila mizani na sufuria ya uji.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi, ambao napenda tuutazame kwa utulivu, ni ule wa Embu, nchini Kenya, kati ya mwaka 1998 na 2000. Wataalamu wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichukua skuli 12 za msingi wakazigawa mafungu manne. Katika fungu la kwanza watoto wa darasa la kwanza walipewa, kila siku ya masomo, sahani ya githeri, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, chakula ambacho bara wengine hukiita makande na watu wa mwambao pure, nayo ikatiwa nyama ya kusaga. Katika fungu la pili walipewa githeri na kikombe cha maziwa. Katika la tatu githeri iliyozidishwa mafuta tu. Na la nne halikupewa kitu, ili wapatikane wa kulinganishwa nao. Vyakula vile vitatu vilipimwa hata nguvu zake zikakaribiana, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba fulani alishiba kuliko mwenziwe. Tofauti ilikuwa katika kile kilichochanganywa.

Matokeo yake nawasihi mwende nayo nyumbani. Wale waliokula githeri yenye nyama waliwapita wenzao katika mtihani wa kupambanua michoro, ambao hautazami mtoto amekariri nini bali hutazama anavyofikiri. Misuli ya mikono yao ilikua zaidi. Na walipoangaliwa kiwanjani wakati wa kucheza, hao ndio waliokuwa wachangamfu, na ndio waliowaongoza wenzao katika michezo. Maziwa nayo yalikuwa na kheri yake, kwa kuwa waliokuwa wadogo zaidi na wale waliokwisha dumaa waliongezeka kimo kwayo; na katika mafungu hayo mawili, la nyama na la maziwa, upungufu wa vitamini B12, ambayo haipatikani katika nafaka wala mboga, ulipungua sana. Waliopewa githeri ya mafuta tu walishiba sawasawa na wale wa nyama, lakini katika mtihani ule wa michoro hawakuwafikia.

Nimelikawilia jambo hili makusudi, kwa sababu kwetu bado mtu huuliza, "Mtoto kashiba?" na akijibiwa ndiyo, mazungumzo yamekwisha. Tumbo hujazwa na muhogo, hujazwa na wali mweupe, hujazwa na boflo, na kila kimojawapo ni neema ya Mwenyezi Mungu. Lakini damu, mifupa na akili vinataka vitu ambavyo ndani ya hivyo ni haba. Mtaniambia kwamba nyama ya ng'ombe kila siku ni chakula cha matajiri, nami sitobishana nanyi. Ila sisi ni watu wa visiwani. Dagaa huvuliwa hapa hapa, huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa juani, hutiwa maguniani, na sehemu kubwa husafirishwa hata Kongo, kwa kuwa watu wa huko wamekwisha jua thamani yake. Ilhali mtoto wa mama yule aliyewaanika dagaa hao huenda skuli kwa chai na boflo. Dagaa huliwa mzima, na kichwa chake na mifupa yake, kwa hiyo ndani yake mna chokaa ya kujengea mifupa, mna madini ya chuma, na mna hiyo B12 iliyowafaa watoto wa Embu. Akikaushwa vizuri na kusagwa, ukiutia unga wake katika mchuzi wa kunde au wa mchicha, hata mtoto asiyependa kumwona dagaa sahanini atamla bila ya ugomvi. Sioni kwa nini tusafirishe kwa magunia kitu ambacho watoto wetu hawajakila kwa vijiko.

Niseme sasa juu ya chai, maana najua nitawaudhi wengi. Sisi ni watu wa chai, na mgeni akija hapewi kiti kabla ya kikombe. Sikusudii kuiharamisha. Nasema tu kwamba majani ya chai yana kitu kiitwacho tanini, ambacho hukamatana na madini ya chuma yaliyomo katika nafaka, kunde na mboga, yakapita tumboni yasiingie katika damu. Na ndimu, chungwa, pera na embe zina vitamini C, ambayo hufanya kinyume chake, ikayasaidia madini hayo kuingia. Kwa hiyo mtoto anayekula maharage yake na kikombe cha chai ya rangi, na mtoto anayekula maharage yale yale kisha akamenyewa chungwa, hawakula mlo mmoja, ingawa bei zao zimekaribiana. Nasi katika nchi ambayo msimu wa machungwa ukifika mengine huozea chini ya miti, tunawapa watoto chai.

Na damu ya watoto wetu ina adui mwingine, ambaye wazee waliohudhuria hapa wanamjua kwa jina la safura. Katika miaka ya 1990, watoto wa skuli za Pemba walipopimwa damu na choo, ilidhihirika kwamba minyoo hao, ambao huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu usiovaa kiatu, ndio waliokuwa sababu kubwa ya upungufu wa damu miongoni mwao. Ukimpa mtoto wa namna hiyo chakula kizuri bila ya kumpa dawa ya minyoo, umefanya nusu ya kazi. Ukimpa dawa bila ya chakula, umefanya nusu nyingine. Zile siku ambazo watu wa afya huja skulini na vidonge, baadhi ya wazazi huwaficha watoto nyumbani kwa uvumi wa mitaani. Nawaomba masheha na maimamu walisemee hilo.

Kadhalika chumvi. Wengi wetu tulidhani kwamba mtu anayekula samaki hawezi kukosa madini joto, mpaka watoto wa skuli za Unguja na Pemba walipopimwa mwanzoni mwa karne hii, ikaonekana kwamba wanayakosa, na wa Pemba zaidi. Basi chumvi inunuliwe ile iliyotiwa madini joto, na hapo sina la kuongeza.

Nataka nirudi katika yale tuliyokuwa nayo kabla ya boflo, kwa sababu mhadhara wa namna hii huwa rahisi kuugeuza matukano juu ya ujinga wa watu, nami siamini kwamba watu wetu walikuwa wajinga wa chakula. Bibi zetu waliokuwa wakiamka alfajiri wakapika mbaazi za nazi, wakazila na mahamri au na chapati, hawakusoma popote kwamba protini ya ngano ina upungufu ambao protini ya mbaazi huujaliza, na kwamba mbaazi nazo zina upungufu ambao ngano huutimiza; lakini sahani yao ilikuwa imeshayapanga hayo kwa namna ambayo mtaalamu wa leo hana la kuirekebisha, ila pengine kupunguza mafuta ya mahamri. Uji wa mtama, uji wa ulezi, muhogo wa nazi na samaki, kiporo cha wali na maharage kilichopashwa moto asubuhi: hivi vyote vilikuwa chakula cha watoto waliokuwa wakienda skuli kwa miguu, na ulezi peke yake una chokaa nyingi kuliko takriban nafaka zote tunazozijua. Kilichotokea ni kwamba vyakula hivi vilianza kuonewa haya. Mtoto akifunguliwa kiporo mbele ya wenziwe huona aibu, na mama akionekana anapika muhogo asubuhi hudhaniwa kaishiwa. Boflo nyeupe na chai ndiyo iliyokuwa heshima, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikionekana katika nyumba za wenye mishahara. Haya ya namna hiyo haiondolewi kwa mabango ukutani. Huondoka mwalimu anapoleta kiporo chake skuli akakila hadharani.

Sasa twende langoni. Nilikaa asubuhi moja chini ya mwarobaini ulio mkabala na skuli moja ya shamba, ambayo siitaji kwa kuwa ingeweza kuwa skuli yoyote, nikayatazama mapumziko toka kengele ya kwanza hata ya pili. Palikuwa na mama mmoja mwenye beseni la mihogo ya kukaanga iliyokatwa vipande virefu, na pembeni yake karai la mafuta ambayo yamekwisha kaangiwa siku nyingi hata yamekuwa meusi na mazito; palikuwa na kijana mwenye barafu za rangi; palikuwa na meza ya pipi, ubuyu uliotiwa rangi nyekundu, na vifuko vya bisi. Mtoto wa kiume, nadhani wa darasa la pili, alikuja na sarafu ya shilingi 200 ameifumbata hata kiganja kimelowa jasho. Akaisimamia ile mihogo, akaitazama ile meza ya ubuyu, akarudi kwenye mihogo, mwishowe akaigawa riziki yake sehemu mbili, muhogo wa 100 na ubuyu wa 100, akauchovya muhogo katika pilipili, akailamba pilipili kwanza. Nyuma yake alikuwapo mtoto wa kike asiye na kitu mkononi. Hakuomba. Alisimama tu, kwa namna ya mtu aliyezoea kusimama pale. Yule mama wa mihogo alipokwisha wahudumia wenye fedha, alikwangua vipande vidogo vilivyovunjika chini ya beseni, akavitia katika kipande cha karatasi, akampa, wala hawakusemezana neno.

Nilijiuliza baadaye ni nani katika skuli ile ajuaye idadi ya watoto wanaokuja bila ya kitu. Mwalimu mkuu ana daftari la mahudhurio. Bwana afya ana takwimu zake. Mimi nina haya ninayokusomeeni. Mama yule anawajua kwa sura zao, anajua nani alikula jana na nani hakula, anajua siku za mwezi ambazo sarafu huadimika, tena huwapa baadhi yao katika faida yake ndogo, ambayo hatujapata kumuuliza ni kiasi gani. Nasi kila tunapokaa kikao kuzungumzia siha za wanafunzi, pendekezo la kwanza huwa ni kumfukuza. Husemwa kwamba chakula chake ni kichafu, kwamba watoto huugua matumbo, kwamba lango la skuli si soko. Ni kweli kwamba mafuta yale meusi yana madhara, na ni kweli kwamba mikono inayopokea fedha ndiyo inayoshika muhogo, na maji hayapo karibu. Lakini tukimfukuza atahamia pembe ya pili ya barabara, watoto wamfuate huko wakivuka njia ya magari, na beseni litakuwa lile lile. Au asihame, na yule mtoto wa kike abaki bila ya hata vile vipande vilivyovunjika.

Rai yangu ni kinyume cha hayo. Naona kamati ya skuli imwite mama huyo ndani ya ukuta, impe kivuli, impe bomba la maji na sabuni, na kwa ihsani hiyo iwekeane naye sharti. Sharti lisiwe la kumnyima riziki. Asiambiwe aache muhogo, maana muhogo ni chakula; aambiwe auchemshe na nazi siku nyingine, na siku za kukaanga abadilishe mafuta, na kamati imsaidie mwanzoni kuyanunua kwa jumla, yeye na wenziwe, kama wanavyosaidiana katika upatu wao. Karibu na muhogo aweke sufuria ya kunde au choroko zilizochemshwa zikatiwa chumvi, ndimu na ile ile pilipili ambayo watoto huipenda kuliko muhogo wenyewe. Aweke uji wa ulezi. Aweke machungwa yaliyomenywa katika msimu wake na ndizi katika msimu wake, na karanga zilizokaangwa bila ya mafuta, ambazo haziozi zikibaki. Mayai ni ghali, na anayeuza mayai huogopa yasinunuliwe. Hayo na yangojee.

Kuna watakaosema kwamba mtoto akiwekewa kunde na pipi atachukua pipi. Akiwa na sarafu yake na hiari yake, siku ya kwanza, naam. Lakini ulimi wa mtoto hufunzwa, na chakula alichokikataa leo hukikubali akishakionja mara nyingi, hasa akiwaona wenziwe wanakila. Watoto wa Embu walikula githeri takriban miaka miwili. Na huko Japani, ambako chakula cha skuli kilianza mwaka 1889 katika skuli ya watoto maskini mjini Tsuruoka, kwa madonge ya wali, samaki wa kuchoma na mboga za kachumbari, na ambako sheria ya mwaka 1954 ilikieneza nchi nzima, watoto hupakuliana wenyewe darasani, na mwalimu hukaa nao akala kile kile wanachokula wao. Hilo la mwisho halihitaji bajeti. Mwalimu wetu aondoke ofisini saa nne, aende kwa mama yule yule, anunue kunde zile zile, azile mbele ya darasa lake; nina yakini kwamba jambo hilo litafanya kazi kuliko somo zima la sayansi juu ya makundi ya vyakula, ambalo watoto hulikariri vizuri sana wakitafuna pipi.

Na kuhusu soda, ambayo siku hizi imeingia hata katika mikoba ya watoto wa mjini, nitasema kwa ufupi. Chupa moja ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, kiasi cha vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isifikie sehemu moja katika kumi ya nguvu alizozila mtu kwa siku, na kwa mtoto wa miaka saba au minane hiyo ni kama gramu 40. Akinywa soda moja saa nne, na chai yake ya asubuhi ikiwa na vijiko vitatu, amekwisha ukiuka mpaka kabla ya adhuhuri. Tunao watoto waliokonda kwa kukosa na watoto walionenepa kwa kula visivyofaa, pengine katika darasa moja na benchi moja, na wote wawili wana damu haba. Mzazi anayempa mwanawe soda kwa kuona ndiyo mapenzi, namuomba ampe dafu.

Wapo wasemao kwamba serikali ndiyo ipike. Ningefurahi ingeweza, na pale inapoweza na ipike. Lakini naukumbuka mfano wa jirani zetu. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi aliagiza wanafunzi wa skuli za msingi za Kenya wapewe maziwa bure, na yale Maziwa ya Nyayo, katika paketi zake za pembe tatu, wengi waliokuwa watoto siku hizo huyataja hadi leo kwa furaha. Lilikuwa jambo jema, ila lote lilining'inia katika hazina ya serikali na mpango mmoja wa ugavi, na mambo hayo yalipolegea katika miaka ya 1990, maziwa yalikatika, wala hapakuwa na mtu katika kijiji aliyekuwa na njia ya kuyaendeleza. Mpango unaoanzia kwa mama wa mtaani, ambaye yupo pale mvua na jua, bila ya mshahara wa mtu, hauwezi kukatika kwa barua kutoka mjini. Serikali ikija na fungu lake, itamkuta ameshajua kazi, na fungu hilo lianze kwa wale wasiokuwa na sarafu: kamati imlipe mama bakuli zao za uji, na mtoto apewe bakuli lake kama wengine, pasiwe na mstari wa maskini wala daftari la maskini linalosomwa kwa sauti. Katika hayo nimemwona mama wa mihogo akitutangulia.

Jambo la mwisho linahusu mwezi mtukufu, nami nalisema mbele ya masheikh nikiwa tayari kusahihishwa. Ramadhani ikiingia, mabeseni huondoka langoni, na majiko ya majumbani hayawashwi mpaka alasiri. Hiyo ni adabu ya mwezi na sote tunaipenda. Lakini katika skuli za msingi wamo watoto wa miaka sita, saba na minane, ambao saumu si faradhi juu yao, wasioamshwa daku kwa kuwa wadogo, na wasiopikiwa asubuhi kwa kuwa nyumba nzima imefunga. Hao hufunga bila ya nia na bila ya daku, kisha wakaingia darasani kufundishwa kugawanya. Anayetaka kumzoeza mwanawe kufunga, na amzoeze, ila amwamshe daku, ampe uji mzito, kunde na maji ya kutosha, kuliko wali mweupe na chai. Na asiyefunga abakiziwe katika futari sehemu yake, tambi au muhogo na samaki, ifunikwe, apashiwe moto asubuhi kabla ya skuli, ndani, bila ya kuonewa haya na ndugu zake wakubwa. Kwa wale walio wachanga zaidi, na waliotoka nyumbani bila ya kitu, naiomba kamati ya kila skuli imtafute mama mmoja wa langoni, impe chumba cha nyuma chenye mlango wa kufunga, apike sufuria moja ya uji kwa mwezi mzima. Na gharama yake ikusanywe sasa, katika Shaaban, sufuria hiyo iwe tayari siku ya kwanza ya masomo baada ya mwandamo.